Bata Bukini wa Bi Garside

"Umempelekea?"

"Nimempelekea."

"Minna, nitazame usoni. Umempelekea nani?"

"Dada, si nimeshakwambia, nimempelekea Bi—"

"Usimtaje! Kitabu kile? Chenye yule—"

"Chenye picha zangu, ndiyo, kwani ninacho kingine? Unadhani nimechora vitabu vingapi mimi—"

"Chenye yule bata!"

Ndani ya kapu, bata bukini wa kweli akaona ametajwa, akadakia kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini. Dorcas Tapsell akapiga mguu chini. Mdogo wake Minna akailamba ncha ya brashi, akaichovya kwenye kijani, akaendelea kupaka jani la kabichi kana kwamba hakuna mtu aliyekuwa anakata roho mle jikoni.

"Lini?"

"Jana. Nilimpa Yelland apeleke pamoja na barua."

"Na leo ni Mikaeli!"

"Ndiyo maana. Zawadi ya sikukuu."

Dorcas akakaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

Pale Marlcombe, kila mwaka siku ya Malaika Mikaeli, Septemba inapokwisha na matufaha yanaanguka yenyewe, wapangaji wote wa Bi Augusta Garside hupanda kilima hadi nyumba kubwa, kila mmoja na bata bukini aliyenona. Bi Garside humpokea bata, kisha huchukua kalamu na kutia saini mpangaji akae mwaka mwingine. Hakuna aliyewahi kusema kwamba bata ni sharti. Hakuna pia aliyewahi kujaribu kwenda mikono mitupu.

Na bata mwenyewe hakuwa dawa ya kila kitu. Muulize Coombes fundi viatu. Mbwa wake alimbwekea farasi wa Bi Garside mara moja tu, tena farasi mwenyewe hakujali. Ilipofika Mikaeli, Coombes akapeleka bata mkubwa kama ndama. Bi Garside akampokea bata. Kalamu hakuishika. Krismasi ilimkuta Coombes mjini Bristol, kwenye chumba cha chini ya barabara, dirisha lake likimwonyesha viatu vya watu na si watu.

Kwa mbwa tu hivyo. Sasa wao je?

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mashairi ya watoto, yale ambayo kila mama wa Marlcombe huyaimba huku anamfuta mtoto kamasi. Wachapishaji wa London walimtaka Minna achore wanyama waliovaa nguo za watu. Minna hakuwa na hela ya kuwalipa watu wa kumkalia achore, basi akafungua dirisha na kuchora waliokuwa wanapita. Bunce mwokaji akatoka nguruwe mwenye aproni. Yelland mpeleka barua akatoka sungura aliyelala na mfuko wa barua kichwani. Kasisi Pomfret akawa korongo, amesimama mguu mmoja mimbarani. Na ukurasa wa katikati, ukurasa mzima, rangi zote, palikuwa na bata bukini amekaa peke yake ukingoni mwa bwawa. Kofia yake ilikuwa ya manyoya meusi, utepe umefungwa chini ya kidevu. Shingo ameivuta nyuma kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza. Macho nusu yamefumba. Na chini yake:

*Bibi Bukini kanuna,*
*bwawa zima ni la kwake;*
*mwenza wa kuoga hana,*
*ila tu kivuli chake.*

Kivuli hakikuwepo. Minna alikichora, tena kwa siku nyingi, kwa samawati hafifu sana, na wachapaji wakakimeza. Kitabu kilipofika, mbele ya bata palikuwa na doa jeupe tupu majini, na Minna alilia juu ya doa lile kuliko alivyomlilia marehemu baba yao. Kuhusu ile shingo hakusema kitu. Kuhusu kofia, ambayo Marlcombe nzima iliijua kwa sababu ilikaa benchi la mbele kanisani, kichwani mwa Bi Garside, kila Jumapili na kuwazibia watu altare, hakusema kitu.

"Hatajijua," Minna alisema sasa.

"Kofia ni ile ile!"

"Nyani haoni kundule, dada. Huona la mwenziwe."

"Mdomo huo! Na baba alikuwa mzee wa kanisa!"

"Nakuambia ukweli. Yelland kazunguka na nakala yangu nyingine kijiji kizima wiki nzima hii. Umesikia mtu hata mmoja kanuna? Kila mtu anamcheka mwenzake. Hakuna binadamu anayeujua uso wake mwenyewe, mimi kazi yangu ni nyuso, niulize mimi."

"Na mimi je? Nimo?"

Minna akaitazama brashi. "Nani kasema umo?"

"Afadhali. Maana ningekutoa roho." Dorcas akasimama, akajifunga skafu, akaifungua, akaifunga tena. "Yule kuku wa mwavuli peke yake ndiye uliyempatia vizuri. Kwenda matembezi na mwavuli jua linawaka! Mke wa kasisi mtupu."

Minna akakohoa muda mrefu kidogo.

Dorcas akatupa jicho dirishani. Dirisha lenyewe ndilo lililokuwa linamuuma. Baba yao, mchora vibao vya vilabu vya pombe, alilitoboa kwa mikono yake upande wa kaskazini, pana kama mlango wa ghala, ili mwanga uingie bila jua. Ndilo lililomfanya Minna kuwa mchoraji. Wakifukuzwa, kwa kwenda ni kumoja: kwa binamu yao Ethelinda, Bristol, juu ya duka la utumbo, kwenye chumba ambacho dirisha lake limetazamana na ukuta ulio karibu hata unaweza kuulamba. Minna angefanya nini mle? Angechora ukuta?

"Nipe huyo bata," akasema. "Nikirudi bila saini, Minna, utajipikia mwenyewe mpaka ufe. Na najua huwezi kuchemsha hata yai."

"Dada, utachelewa."

"Sisemi na wewe!"

* * *

Kapu lilikuwa zito na bata hakutulia. Kila hatua chache alitoa kichwa na kutazama njia kama anayetafuta pa kushukia. Dorcas akawa anamsukuma ndani kwa kiganja na kumwomba msamaha, halafu anaona aibu kwa kumwomba bata msamaha.

Mlangoni kwa Bunce harufu ya mkate ilikuwa imetoka nje kabla yake. Mwenyewe akamfuata, mwekundu, mviringo, unga hadi kwenye nyusi.

"Dorcas! Mwambie mdogo wako kaniua! Nimecheka jana hadi mke wangu kanitoa kitandani!"

Dorcas akasimama. "Umecheka nini, Bunce?"

"Yelland! Sungura! Kalala na mfuko kichwani, mdomo wazi! Ndiye yeye, jamani, ndiye yeye alivyo!"

"Na... na yule nguruwe?"

Bunce akafikiri, akijikuna pembeni mwa pua yake bapa. "Nguruwe sikumjua. Atakuwa mtu wa kijiji cha pili."

Dorcas alitaka kucheka, akamsukuma bata ndani ya kapu badala yake. Labda Minna kasema kweli. Labda Mungu kawaumba watu hivyo makusudi, ili waweze kutoka nyumbani asubuhi.

Alimkuta Yelland mpeleka barua amekaa juu ya jiwe la njiapanda, mfuko wake ameuweka kichwani kujikinga na jua dogo lililokuwepo.

"Yelland! Kile kitabu cha jana, cha kule juu. Alikifungua?"

"Bi Garside? Hapana, aliniambia atakisoma leo na chai ya saa kumi. Kurasa hazijakatwa bado, zimeshikana kama zilivyotoka mtamboni, akamwambia Mama Dimmock mpishi amtafutie kisu cha karatasi." Akapiga miayo. "Nilimwambia akifika kwa nguruwe atamjua tu. Bunce yule!"

"Hajafungua," Dorcas akasema, si kwa Yelland.

"Na wewe mbona umebeba mwavuli? Mvua iko wapi?"

Dorcas akautazama mwavuli kwapani mwake. Hakukumbuka kuuchukua. "Inaweza kunyesha," akasema, akashika njia kwa haraka, maana wazo lilikuwa limeshamwingia na kama asingekimbia nalo lingemkimbia.

Hajafungua. Kurasa zimeshikana. Na sasa ilikuwa hata saa tisa haijafika.

Getini alikutana na Kasisi Pomfret akishuka, mrefu, amepinda, akivuka dimbwi kwa mguu mmoja huku mwingine ameusahau hewani. Naye akamtajia nguruwe, akamtajia sungura, akacheka kwa pua. "Ila yule korongo, Dorcas, mwambie Minna awe na huruma. Mwalimu wa shule ni mtu mwema." Dorcas akaitikia ndiyo Baba, asante Baba, akampita.

Hofu yake sasa ilikuwa imepata mguu wa kusimamia. Hawa wote, akawaza, wana kioo kimoja kidogo cha kunyolea, kimefifia kwa moshi. Bi Garside ana vioo kila ukuta. Na zaidi ya vioo, ana picha. Amechorwa msichana, amechorwa juu ya farasi, amechorwa na kofia ile ile. Mtu anayekunywa chai kila siku mbele ya shingo yake mwenyewe iliyotiwa fremu ya dhahabu ataacha kuijua akiikuta juu ya bata? Nyani mwenye kioo, Minna, hukumfikiria huyo!

* * *

Mlango wa nyuma ulifunguliwa na Mama Dimmock mpishi, macho mekundu, aproni ameibana mdomoni.

"Mama Dimmock! Kuna msiba?"

"Msiba!" Mpishi akamvuta ndani kwa mkono. "Nilikichungulia, mwanangu. Kurasa hazijakatwa lakini ukikipindua unachungulia kama kwenye mdomo wa gunia. Bata yule! Na kofia! Nimeingia stoo mara tatu kuchekea kwenye viazi."

"Basi umemjua."

"Kipofu angemjua."

"Atanifukuza, Mama Dimmock."

Kicheko kikamtoka mpishi usoni. Akaifuta mikono polepole. "Ah, hilo sikulifikiria," akasema, na namna alivyolisema ilimtia Dorcas baridi kuliko maneno yenyewe. "Haya, nenda sebuleni ukasubiri. Yuko juu, anavaa. Nenda na bata wako, anapenda kumwona mwenyewe kabla sijamkamata mimi."

Sebule ilikuwa na harufu ya nta na ya moto wa magogo. Dorcas akabaki amesimama katikati ya zulia, kapu mkononi, mwavuli kwapani. Ukutani Bi Augusta Garside alimtazama mara nyingi, kila mara akiwa na umri mwingine na shingo ile ile. Mahali pamoja tu, juu ya kinanda, hapakuwa na picha. Palikuwa na mraba wa karatasi ya ukuta ambayo jua halijaigusa, mawaridi yake bado mekundu ilhali mengine yote yamekuwa rangi ya chai.

Marlcombe nzima ilijua mraba ule ni wa nani, na hakuna aliyemtaja ila kwa kunong'ona. Rosamund, dada mkubwa. Waligombana, akapanda meli akaenda Kanada, akafia huko. Wengine walisema waligombania shamba, wengine mwanaume. Mama Dimmock, aliyekuwepo, alisema waligombania kofia ya mama yao, na kila mtu alimcheka. Taarifa ya kifo ilipofika, Bi Garside hakuvaa nyeusi hata siku moja. Ile kofia tu.

Na pale mezani, kando ya kalamu, wino na mikataba iliyopangwa, kilikuwepo kitabu. Juu yake kisu cha karatasi.

Dorcas akatazama mlango. Akatazama kitabu. Hakuwahi kuiba kitu maishani, hata tufaha la kasisi, ambalo kila mtoto wa Marlcombe huliiba kama sehemu ya malezi yake. Mikono yake ikafanya bila kumwuliza. Ikakiondoa kisu. Ikakibeba kitabu. Kwapani mna mwavuli. Chini ya sketi kitaanguka. Hatua zikasikika kwenye ngazi.

Akamwinua bata, akakisukuma kitabu chini yake, akamshusha.

Bata akashangaa kidogo. Kisha akajitikisa, akakaa vizuri, akatulia kwa mara ya kwanza siku hiyo, kama mama aliyepata yai.

"Dorcas Tapsell," Bi Garside akasema kutoka mlangoni.

"Bi Garside. Heri ya Mikaeli. Tumekuletea, mimi na mdogo wangu, tu... huyu hapa."

Bi Garside akaja, kichwa juu, kope nusu, akamtazama bata. Bata naye akavuta shingo nyuma, akamtazama. Dorcas alifumba macho.

"Amenona," Bi Garside akasema, akakaa kitini. "Kaa. Kabla ya saini, nataka kukitazama hicho kitabu cha mdogo wako. Kasisi hazungumzi jambo jingine. Kiko..." Mkono wake ukapapasa meza. "Kilikuwa hapa."

Dorcas akakaa, kapu miguuni.

"Kilikuwa hapa, chini ya kisu."

Moto ukapasua gogo. Bi Garside akageuza kichwa polepole, akafuata macho ya Dorcas, ambayo yalikuwa yanakimbia kila mahali isipokuwa kwenye kapu, na kwa hiyo akalitazama kapu.

"Dorcas."

"Naam, Bi Garside."

"Mbona bata wako amekalia kitu cha pembe nne?"

Kuna uongo mtu huupanga, na kuna uongo ambao hutoka wenyewe, uchi, bila hata viatu. "Kilikuwa na unyevunyevu, Bi Garside," Dorcas akasema. "Kitabu. Nikaona kitaharibika. Na bata... bata ana joto."

Bi Garside akamtazama Dorcas, akamtazama bata. Kisha akainuka, akaingiza mkono chini ya bata bila kusitasita, kama mtu aliyelelewa na mabata, akakitoa kitabu. Kwenye jalada palikuwa na kitu kidogo cha kijani ambacho Minna hakukichora. Akakifuta kwa leso.

"Ni kweli," akasema. "Kimepata joto."

Akachukua kisu.

Dorcas hakusahau sauti ile: karatasi ikikatika, polepole, ukurasa kwa ukurasa. Alikaa amebana mwavuli wake kwapani. Akilini alimwona Ethelinda kwenye mlango wa duka la utumbo, akiwanyooshea funguo.

"Huyu Bunce," Bi Garside akasema.

*Krrr.* Ukurasa.

"Yelland. Hata katika kitabu amelala."

*Krrr.*

"Ah! Pomfret wetu. Amepatia goti."

Basi anajua. Watu wote walikosea jina moja, lao. Huyu hajakosea lolote. Jasho likamtembea Dorcas mgongoni kama siafu. Akajaribu kuhesabu kurasa zilizobaki kabla ya katikati, akashindwa kuhesabu.

*Krrr.* Bi Garside akatulia. Pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo. Akanyanyua macho, akamtazama Dorcas, akarudi kwenye ukurasa, akamtazama tena, safari hii kwapani.

"Na huyu ni wewe."

"Mimi, Bi Garside? Mimi simo. Minna aliniambia—"

Bi Garside akamgeuzia kitabu. Kuku. Mwembamba, macho yamemtoka, skafu imefungwa vibaya, anapita kwenye jua kali na mwavuli umebanwa kwapani kama roho.

"Huyo ni mke wa kasisi!" Dorcas akasema, na mara akausikia uzito wa mwavuli chini ya mkono wake. Akaushusha sakafuni pole pole. Ukaanguka kwa kelele. Alisikia uso unamwaka hadi masikioni. Minna! Amekaa naye meza moja maisha yote! Na kilichomuuma zaidi ni kwamba kuku yule alimfanya atake kumhurumia.

Na alipokuwa bado anamtazama kuku, kisu kikakata ukurasa unaofuata.



Dorcas hakunyanyua kichwa. Aliitazama mikono ya Bi Garside, na mikono ile haikusogea. Kisu kimebaki kati ya karatasi. Bata ndani ya kapu hakupumua, au ndivyo Dorcas alivyoona. Sasa, akawaza. Aseme sasa. Aiache kalamu kama alivyoiacha kwa Coombes, yaishe, twende tukapange masanduku, tulifunike lile dirisha.

"Rosamund," Bi Garside akasema.

Dorcas akanyanyua kichwa.

"Mdogo wako alimwona wapi dada yangu?"

"Bi Garside, Minna hakuwa hata..." Akafunga mdomo. Minna alikuwa bado hajazaliwa siku meli ile ilipoondoka, na kila mtu alilijua hilo, na Bi Garside zaidi ya wote.

"Kofia yake hii. Alisema ni yake, mimi nikasema yangu." Kidole kikapita juu ya manyoya meusi, hakikugusa. "Nilizichoma, unajua. Picha zake zote. Kwenye jiko la Dimmock, kwa siku moja. Niliona zikiondoka na uso utaondoka. Na kweli uliondoka. Miaka mingi sasa nafumba macho namtafuta, napata koti tu, napata sauti. Uso siuoni." Akainamia ukurasa. "Alikuwa anakaa hivi. Ukimkosea, shingo yake aliivuta hivi."

Na akaivuta, ili kumwonyesha. Nyuma, juu, kope nusu. Ukutani wale wote wenye fremu za dhahabu wakaivuta pamoja naye. Bata bukini akatoa kichwa kapuni kumtazama, na Dorcas Tapsell, ambaye kwa mara ya kwanza toka asubuhi hakuogopa, akauma shavu lake kwa ndani hadi akasikia ladha ya damu.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Nimeona, Bi Garside."

Bi Garside akakiweka kitabu mezani, wazi, akakibonyeza kisijifunge. Akachovya kalamu kwenye wino. Ncha ikaning'inia juu ya mkataba wa Tapsell, haikushuka.

"Hapa majini pamefanywa nini? Hapa peupe."

"Palikuwa na kivuli. Wachapaji walikimeza. Minna aliumia sana."

"Pana nafasi." Kalamu bado hewani. "Picha moja humchukua mdogo wako muda gani?"

Dorcas alijua vizuri. Picha moja ilikuwa ni Jumatatu mpaka Alhamisi, na Ijumaa ya kulalamika. Lakini hofu ilikuwa imerudi, hofu ya binamu Ethelinda na ule ukuta, nayo ikajibu kabla yake.

"Mwaka, Bi Garside. Kama mwanga ni mzuri. Mwanga wa kaskazini, dirisha pana. Mahali pengine hawezi."

"Mwaka," Bi Garside akasema, akatia saini, akapuliza wino.

Kisha hakumpa Dorcas ile karatasi. Aliishika, akasimama nayo, akaenda mpaka kwenye kinanda, chini ya ule mraba wa mawaridi mekundu, akampa mgongo. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ya mtu anayeomba kitu dukani na hajui kama kipo.

"Basi mwambie anichore na mimi. Hapo penye peupe, karibu yake. Mnyama yeyote atakayemwona ananifaa, sitakasirika. Ila asinifanye bata bukini, Dorcas. Tafadhali. Bata bukini alikuwa yeye."